Kaka Niliyepewa na Meneja

Lile tangazo nilipewa nilisome mimi mwenyewe. Habari hii huianzia hapo kila ninapoisimulia, kwa sababu watu hupenda kuisahau sehemu hiyo, na mimi sitaki isahauliwe.

Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana, wakati wa matangazo ya misiba hapa Redio Lupe, Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu. Kwa miaka sita hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nani amefariki, maziko ni wapi, kwaya ya kanisa gani itaimba, ndugu walioko visiwa vya Ha'apai wapande meli ipi. Nasoma vizuri, sijisifu. Kuna wazee wamewaambia watoto wao kabisa kwamba wakifa, tangazo lipelekwe siku ambayo Toki yuko zamu. Basi siku hiyo Siaosi, meneja wetu, aliingia studio kwa kunyata, akaweka karatasi juu ya zile za marehemu, akanigusa bega, akatoka upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nikasoma.

"Redio Lupe inawatangazia wasikilizaji wake wapendwa kwamba fainali ya raga ya Jumamosi kati ya Kolovai na Lapaha itatangazwa yote, mwanzo hadi mwisho, na Bwana Kepueli. Bi Tokilupe, ambaye tuliahidi angetangaza kipindi cha pili, hatatangaza tena, kwa heshima ya mila zetu."

Bi Tokilupe ndiye mimi. Mtangazaji hanyamazi taa ikiwa inawaka, hata dari likimwangukia. Kwa hiyo nilijisomea kuondolewa kwangu kwa sauti ile ile ya maziko, polepole, kila neno mahali pake.

"Sababu ni kwamba Uaisele, winga wa Kolovai, ni kaka yake Bi Tokilupe. Bibi yake Uaisele na bibi yake Tokilupe ni watoto wa tumbo moja, mabinti wa marehemu Vaisioa wa kisiwa cha Foa. Haipendezi dada auseme mwili wa kaka yake mbele ya taifa. Tunaomba radhi. Sasa turudi kwenye taarifa za misiba."

Nikarudi kwenye misiba.

Ni kweli kwamba kwetu hakuna binamu. Mjukuu wa ndugu ya bibi yako ni kaka yako, na kati ya kaka na dada pana haya isiyochezewa. Hawakai chumba kimoja. Hawatazami picha pamoja. Mapaja, vifua, mapenzi, utani wa chumbani, hayo hayatajwi mmoja mwenzake akiwapo anasikia. Na dada ndiye mkubwa wa heshima, hata kama kaka ni mzee wa kanisa na dada bado ananyonya. Dada akiomba, kaka hanyimi. Mila hiyo sina ugomvi nayo, nimelelewa nayo. Kaka zangu wa kuzaliwa walikaa sebuleni na redio, sisi wasichana tukawa jikoni tunamenya muhogo, tukasikiliza mechi kupitia ukuta wa mbao. Ndivyo nilivyoijua raga. Nilijifunza kuuona mpira kwa masikio, nikajua nani ameupiga kwa mlio wake na nani ameuangusha kwa mguno wa watu.

Lakini huyo Uaisele! Nilikuwa nimemwona mara mbili maishani, zote msibani, kwa mbali. Walikaa wakamchimbua, wakanifukulia kaka kaburini kwa mababu, ili mradi nisishike kipaza sauti kwa dakika arobaini.

Nilipomaliza zamu sikupiga hodi ofisini kwa Siaosi. Niliingia tu.

"Toki, kaa kwanza," alisema.

"Sikai. Uliniahidi."

"Nilikuahidi, sikatai. Tena mimi binafsi nakuunga mkono, unajua hilo. Ile mechi ya vijana uliyotangaza Kepueli alipokwenda msibani, mdhamini mwenyewe, bwana wa nyama ya kopo, alinipigia simu akasema huyu mama ana macho. Lakini wasikilizaji, Toki. Simu zimelia tangu Jumatatu. Mmoja anauliza, amewahi kucheza? Mwingine anasema sauti ya mwanamke inamuumiza kichwa ikipanda."

"Sauti yangu haiwaumizi kichwa nikiwasomea baba zao wamekufa."

"Sasa unakasirika."

"Ndiyo, nakasirika! Ulitaka nifanye nini, nikuchezee ngoma? Ukaona aibu kuniambia usoni, ukaniletea karatasi taa ikiwa inawaka. Miaka kumi na miwili Kepueli anatangaza hapa. Dada zake wa tumbo moja wako Vaini, wana redio, wana masikio. Nani aliwahi kumwambia habari ya mila?"

Siaosi akaanza kupanga kalamu zake kwa urefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu mbaya unamtukana, unalala usingizi wako. Huyu alikuwa mtu wa kukubaliana na kila aliyetoka mlangoni mwisho.

Na aliyeingia mlangoni saa hiyo alikuwa Kepueli. Tumbo mbele, miwani ya jua juu ya kichwa, soda mkononi. Kepueli hakuwa mtangazaji hasa. Alikuwa mtu wa kikao cha kava, kile kinywaji cha mizizi wanachokalia wanaume usiku, aliyepewa kipaza sauti. Mpira ukienda kulia, yeye alikuwa anaeleza mapaja ya mchezaji fulani yanavyofanana na viazi vikuu vya sikukuu ya kanisa. Watu wawili wakiangukiana, alikuwa na fungate ya kusimulia. Nchi nzima ilicheka, na ndani ya nyumba zetu Jumamosi ilikuwa ni kuhama: dada wakitoka nje, kaka wakiongeza sauti, mama akijifanya anakohoa. Mara nyingi ukimaliza kumsikiliza hujui matokeo.

"Mama Misiba!" alisema. Hilo ndilo jina alilonipa. "Nimesikia ulivyosoma. Vizuri sana. Nilidhani kuna mtu kafa."

"Bado," nikasema.

Akacheka mpaka soda ikamwagika. "Usinichukie bwana, mimi sikufanya kitu. Kuku jike akiwika si kosa la jogoo. Mila ni mila. Tena ni damu moja, damu yenyewe ya Vaisioa, unataka kuichezea? Vaisioa aliyemuua papa kwa kasia! Mimi hapa kitukuu wake nakwambia, yule mzee angekuona na kipaza sauti angefufuka."

Hilo la papa na kasia alilisema kila Jumamosi. Nchi nzima ililijua, watoto waliliigiza shuleni. Nilikuwa nimefungua mdomo nimtukane tusi ambalo mama yangu asingenisamehe. Nikaufunga.

Kitukuu wa Vaisioa. Mzee yule yule, kisiwa kile kile. Kama Uaisele ni kaka yangu kwa Vaisioa, basi huyu mwenye tumbo na miwani ni nani wangu?

Nikawatazama wote wawili. Siaosi alikuwa bado na kalamu zake. Kepueli alikuwa anajifuta soda kwenye ta'ovala, ule mkeka wa heshima anaoufunga kiunoni kama kila mtu mwenye adabu. Hawakuwa wameona kitu. Walikuwa wamemsaka kaka wa kunizuia kwa bidii kubwa, hata hawakutazama ni nani mwingine aliyekaa kwenye tawi lile lile.

"Sawa," nikasema, na sauti yangu nikaishusha mpaka ya maziko. "Mila ni mila. Ila bosi, nipe japo majina. Nisome orodha ya wachezaji na tangazo la mdhamini, humo humo kibandani uwanjani. Basi. Nisiaibike kabisa."

Siaosi alishusha pumzi hadi karatasi zikacheza mezani. "Hilo hakuna shida. Umeona sasa? Mambo ni kuzungumza tu."

"Muache aje," Kepueli alisema. "Atatuletea muhogo."

Jioni ile nilimuuliza mama, nisije nikakosea. Alikuwa anasuka mkeka wa mtu, hakuinua hata kichwa. "Kepueli wa Foa? Babu yake ndiye mdogo wa mwisho wa bibi yako. Walilala mkeka mmoja utotoni. Kwani hukujua?" Kisha akaacha kusuka. "We Toki. Unataka kufanya nini?"

"Kusoma majina."

"Hasira hasara, mwanangu."

"Miaka sita nimekuwa mpole, mama. Faida yake iko wapi?"

Alinitafutia ta'ovala yake nzuri, ile nyembamba ya harusi, akaikung'uta vumbi, akaiweka juu ya kitanda changu.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka juu ya magari. Kibanda chetu ni cha mbao na bati, kina meza moja, viti viwili, na pembeni Lisiate, fundi mitambo, kijana mkimya anayetafuna njugu. Watu wengi huja uwanjani na redio zao, mechi wanaiona kwa macho na utani wanausikia masikioni. Kwa hiyo chochote kikisemwa kibandani kinarudi kutoka jukwaa lote kama mwangwi.

Kepueli alikuwa ameshaketi. Taa ikawaka, akafungua kwa mbwembwe zake, akamtaja Vaisioa, papa na kasia, watu wakapiga kelele. Kisha akanisogezea kipaza sauti kwa kidole kimoja.

"Asanteni sana," nikasema. "Mimi ni Tokilupe. Kama mlivyosikia Alhamisi, Redio Lupe imethibitisha kwamba mimi ni wa ukoo wa Vaisioa wa Foa. Kwa hiyo namshukuru Mungu kwa kunikalisha leo, mbele yenu nyote, pamoja na kaka yangu Kepueli, kitukuu wa Vaisioa. Kaka, karibu utuendeshee mechi. Dada yako nakusikiliza."

Kisha nikasoma majina, moja moja.

Kelele za uwanja zilikatika. Nilisikia jukwaa likigeuka, vichwa mia kadhaa vikitazama kibanda chetu cha bati. Mama mmoja chini yetu alijifunika mdomo na leso. Lisiate aliacha kutafuna. Na Kepueli, jamani, Kepueli alinitazama kama mtu aliyeingia bafuni akamkuta mchungaji.

Alijua, kila mtu alijua. Mbele ya dada mwanamume hafungui mdomo mchafu, hata awe mlevi. Wanaume wakikaa kwenye kava, jambo la kwanza wanauliza binti anayewachotea ni wa nani. Mmoja akigundua ni dada yake, yeye ndiye anayenyanyuka na kuondoka. Hafukuzwi binti.

Refa akapuliza filimbi.

"Haya, mpira umeanza," Kepueli alisema. "Lapaha wanao. Anao namba nane, mkubwa, ana ma... ana miguu. Ana miguu miwili. Anakimbia. Amekutana na mtu wa Kolovai, wame... wameangukiana, yaani wako chini. Wote. Wamelala. Hapana, hawakulala! Wapo tu."

Jukwaani mtu alianza kucheka, akanyamazishwa.

Dakika ya tano alikuwa amelowa jasho mgongo mzima. Kila sentensi aliianzia kwenye njia aliyoizoea, akafika mlangoni, akaniona nimekaa pale na mkeka wa mama kiunoni, akarudi. Bila yale mapaja hakuwa na kitu. Sikuwa nimejua kwamba ni mtupu kiasi hicho. Miaka kumi na miwili mtu huyu alikuwa ameketi juu ya kiti changu, na hakujua kusema mpira uko upande gani wa uwanja!

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Toka nje," akaninong'oneza.

"Dada akiingia," nikamnong'oneza nami, "anayetoka ni nani?"

Dakika ya kumi na moja Lapaha wakauweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa Kolovai, trai safi, ya mikono sita, mpira umepita kutoka kona hadi kona bila kugusa majani. Nchi nzima iko kwenye redio, meli ziko baharini, wagonjwa wako vitandani, wanangoja. Kepueli akasema, "Wamefunga." Kisha kimya. Nilihesabu kimya kile: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameshafika kwenye maji. Akavua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani kwa adabu bila kunitazama, akatoka.

Nikavivaa. Vilikuwa na joto lake na jasho lake, nikachukia, nikavivaa hivyo hivyo.

"Trai ya Lapaha," nikasema, "na ngojeni niwaambie ilivyofungwa, maana mmeidai."

Nikawaambia. Nikaanzia kwenye skramu, pale wanaposukumana vichwa chini, mpira ulipotoka kwa kisigino, nani alidanganya kwa bega, nani aliingia kwenye danganyo lile, beki gani wa Kolovai alisimama hatua moja mbele kuliko ilivyotakiwa. Simu ya Lisiate ikaanza kulia. Ilikuwa ni Siaosi. Lisiate aliitazama, akaiweka kitini, akaikalia.

Na Uaisele? Sikulitaja jina lake hata mara moja. Nilimwita namba kumi na moja. Nilisema upepo, nilisema nafasi, nilisema mstari ulio mbele yake. Mwili wake sikuuhitaji. Hakuna anayeuhitaji, raga ni mpira, si bucha! Dakika ya mwisho Lapaha walikuwa mbele, kumi na tano kwa kumi na mbili, Kolovai wamebanwa kwao.

"Wanautoa. Umetoka mkono wa kwanza, mkono wa pili, unaelekea kushoto, kushoto kuna uwanja, jamani kushoto hakuna mtu! Namba kumi na moja anao. Yuko nusu ya uwanja. Fulbeki wa Lapaha anamkata njia, anamsukumia nje, chaki iko hatua moja, iko nusu hatua, hajatoka! Hajatoka, nimeiona chaki, bado nyeupe! Anaruka, anaweka, ameweka! Kolovai kumi na saba!"

Sauti yangu ilipanda. Ilipanda mpaka juu kabisa, ikapasuka, na kama kuna mtu iliyemuumiza kichwa namwombea uponyaji.

Simu za redio zililia hadi magharibi. Lisiate aliniletea moja. Alikuwa bibi wa Vaini, sauti kama jani kavu. "Mwanangu," alisema, "nina miaka sabini na minne. Kaka yangu ana themanini na mmoja, haoni. Leo tumesikiliza fainali chumba kimoja, mimi na yeye, toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyetoka nje. Haijawahi kutokea. Ilipofungwa ile ya mwisho alinishika mkono." Akakata. Nikaenda nyuma ya kibanda nikalia, na hata hapo nililia kwa hasira. Miaka yote hiyo ingewezekana! Kaka na dada wangapi wamekufa wakisikiliza mpira mmoja kwenye vyumba viwili, kwa ajili ya viazi vikuu vya Kepueli?

Nilidhani bosi atasema jambo juu ya kiti kile. Jumapili ni kanisa, hakuna kazi, nikangoja. Jumatatu nikafika kazini saa sita, na juu ya meza yangu, juu ya marehemu, pana karatasi.

Siaosi alikuwa nyuma ya kioo anatabasamu. Karibu naye, kwenye kipaza sauti cha pili, alisimama Kepueli, amenyoa, amevaa shati la kanisani.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kitu kizuri," Siaosi alisema. "Utasoma, halafu Kepueli atasema maneno mawili ya shukrani kutoka huku huku, asiingie chumba ulichomo. Tunafanya kwa adabu. Watu wamefurahi sana, Toki! Simu zote ni za kupongeza."

"Kumpongeza nani?"

Taa ikawaka. Nikasoma.

"Redio Lupe inampongeza Bwana Kepueli kwa moyo wake wa kuheshimu mila. Siku ya Jumamosi, kwa mapenzi na unyenyekevu, alimwachia dada yake kiti chake kwa siku moja. Wazee wa kanisa wameamua kumtunukia mkeka. Huu ni mfano kwa vijana wetu. Bwana Kepueli atarejea kwenye kiti chake kuanzia mechi ijayo."

Alimwachia. Nilisoma neno hilo kwa mdomo wangu. Aliyekimbia kwa kukosa cha kusema ameachia, na aliyeketi dakika sitini na tisa akaitangazia nchi mpira ameachiwa! Hata kushindwa kwake kulikuwa zawadi kwangu. Kama ningenyamaza hapo, ningekuwa nimesoma tangazo la maziko yangu mara ya pili ndani ya siku tano.

Kepueli akakohoa, akasogea kwenye kipaza sauti chake. "Nasema asante kwa wote. Kwa dada yangu, mimi kaka hufanya chochote."

"Asante, kaka," nikasema. Taa ilikuwa bado inawaka. "Nami nina ombi kwako."

Nyuma ya kioo tabasamu la Siaosi lilibaki mahali pake lakini macho yalikwisha kuondoka. Alijua, na mkono wake ukaanza kumtafuta Lisiate akate matangazo. Lisiate, kwenye mitambo kando yake, alikuwa anatafuta njugu mfukoni, kazama kabisa.

"Sema, dada," Kepueli alisema. Angesema nini kingine? Nchi nzima ilikuwa inamsikia.

"Naomba kiti."

"Kiti... cha?"

"Cha raga. Mechi zote. Naomba kama dada yako, kitukuu wa Vaisioa, mbele ya hawa wanaotusikia."

Nilimtazama kupitia kioo na sikumwonea huruma hata ya kijiko, na najua mama alikuwa anasikiliza na kutikisa kichwa.

"Ndiyo, dada," alisema. "Chukua."

"Nimechukua," nikasema, nikazima taa mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Siaosi hakunyata safari hii. "Umefanya nini wewe? Umemwaibisha kaka yako mbele ya nchi nzima!"

"Kaka yangu?"

"Ndiyo, kaka yako! Damu yako! Huna haya?"

"Una hakika, bosi?" Nilisimama. Sauti yangu haikuwa ya maziko tena. "Maana ni wewe uliyenipa. Mimi sikuwa nimeomba kaka, nilikuwa nimeomba mechi. Nilikuja na kazi yangu, ukaikataa, ukasema ukoo. Haya, huo ndio ukoo. Kama umeghairi, swichi hiyo hapo. Iwashe useme Kepueli si kaka yangu, na kiti chake ninamrudishia sasa hivi, na mkeka wake juu. Lakini ujue, ukimtoa huyo, na Uaisele anatoka naye. Na mtu atauliza, basi Alhamisi yule mwanamke mlimsomesha nini?"

Siaosi aliitazama swichi, akainyooshea mkono. Nyuma ya kioo Kepueli naye aliitazama, ameshika pindo la shati lake la kanisani.

Watu hudhani nilikuwa naomba asiiwashe. Wananiuliza mpaka leo, Jumamosi nikishuka kutoka kibandani, uliogopa? Niliogopa nini? Nilitaka aiwashe. Nilitaka akiri hewani kwa kinywa chake kwamba ile mila ilikuwa kisingizio tu, taa ikiwa inawaka, kila neno mahali pake, kama nilivyosoma mimi.

Alirudisha mkono mfukoni, akatoka.